UZI: Mtoto mkimbizi akishaandikishwa shule hapa Uganda, nani anamfuata?

Mwana-Katwe (mleta uzi):

Habari za jioni ndugu zangu. Uzi huu nauandika kwa wazazi, walimu na vijana wa Kongo, Burundi na Rwanda tulioko Uganda, pamoja na Waganda wenzetu wanaosoma Kiswahili humu. Mnivumilie, ni mrefu.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya kusoma msingi sawa na mtoto wa mwenyeji, na kwa hilo nawashukuru Waganda kwa moyo wote. Jina lake linaandikwa, anakaa kwenye shule ya UPE, yaani ya msingi isiyo na karo, anavaa yunifomu. Baada ya hapo ndipo tunapowapoteza. Mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii wenyeji, uliozinduliwa Septemba 2018, ulikiri kwamba asilimia 57 ya watoto wakimbizi hawako shuleni. Miaka miwili haijaisha, shule za Uganda zikafungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wapo wasichana walioingia kwenye kufungwa huko wakiwa wanafunzi, wakatoka wakiwa na watoto mgongoni.

Huku Kampala mimi husaidia masomo ya Jumamosi, mitaa ya Katwe na Nsambya. Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, kila muhula tunapokea sura mpya. Anakuja kijana wa miaka 15. Kwao alishaingia sekondari, hesabu na sayansi amezisoma kwa Kifaransa. Shule inampima kwa Kiingereza, mdomo unakuwa mzito, anarudishwa P5, darasa la tano la msingi. Anakaa benchi moja na watoto wa miaka 10 au 11. Mwanzoni anavumilia. Halafu anaanza kuchelewa, halafu anakosa siku mbili mbili, mwisho unamkuta anaosha pikipiki za bodaboda na ukimuuliza shule anaangalia pembeni.

Mmoja wao alikuja na daftari la hesabu lililojaa wino mwekundu. Mwalimu aliona mtoto asiyejua kitu. Dada mmoja wa chuo, naye mkimbizi wa Kivu aliyefika akiwa mdogo, alilitazama mara moja tu akaelewa. Kijana alikuwa anaandika 3,5 kwa koma kama tunavyofundishwa Kongo. Huku ni 3.5 kwa nukta, na koma ni ya kutenga maelfu. Kwa hiyo swali la bei likisema 1,500 yeye anasoma moja na nusu! Na kugawanya je? Kongo namba unayogawia inakaa kulia na jibu linaandikwa chini yake. Huku inakaa kushoto na jibu linapanda juu. Kijana alikuwa anagawanya vizuri kabisa, ila ukurasa wake hausomeki kwa jicho la Uganda. Dada yule alikaa naye, akamwandikia swali moja kwa namna zote mbili, upande kwa upande. Jumamosi iliyofuata kijana alileta zoezi ambalo karibu lote lina vyema.

Huyo dada ndiye ninayemzungumzia kwenye uzi huu. Mtu aliyepita njia ile ile, anayekuja kila wiki, anayejua jina la mtoto na jina la mama yake, na ambaye hataondoka kabla mtoto hajafika S2, mwaka wa pili wa sekondari. Sisi tunamwita mlezi tu. Programu nyingi zinazoletwa kwetu ni za siku moja: ukumbi, fulana, soda, hotuba ya "ndoto zako", picha za pamoja, kwaheri. Sizilaumu, watoto wanafurahi. Lakini mtoto wa P5 mwenye miaka 15 hawezi kuvushwa na hotuba. Hatari yake iko kwenye vivuko vinavyojulikana: kuingia darasa la Kiingereza, mtihani wa PLE wa kumaliza msingi, kutoka P7 kwenda S1, na kwa wasichana miaka ile ya 13 hadi 16. Mlezi awepo kwenye vivuko hivyo. Kama hayupo hapo, siku nyingine zote alizokuja hazitoshi.

Na wala si jambo geni. Kambi ya Kyangwali, mwaka 2005, vijana wakimbizi wenyewe walianzisha shirika la CIYOTA. Hawakungoja mfadhili, walilima na kufanya vibarua ili wadogo zao wasome, wakajenga shule ya msingi COBURWAS, jina lililotungwa kutokana na Kongo, Burundi, Uganda, Rwanda na Sudan. Joseph Munyambanza, mmoja wa waanzilishi, alikulia kambini humo humo. Kampala, Wakongo walianzisha shirika la YARID mwaka 2007, Robert Hakiza akiwa mmoja wao. Mpira, madarasa ya Kiingereza, cherehani kwa akina mama. Wakubwa waliwashika wadogo. Hicho ndicho ninachoomba tukifanye kila mtaa na kila kambi.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu waseme.

---

TichaKyaka:

Mkuu umegusa penyewe. Nafundisha upande wa kambi ya Kyaka II, P6 na P7. Darasa langu lina watoto zaidi ya 100 na benchi hazitoshi. Ulichosema cha koma na nukta ni kweli tupu, na mimi mwenyewe nilichelewa kukijua.

Ongeza na social studies, yaani maarifa ya jamii. PLE ni masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na social studies. Hili la nne ndilo linawaangusha wageni, maana linauliza wilaya za Uganda, falme, mito, viongozi wa uhuru. Mtoto wa Masisi atavijulia wapi? Mtoto wa Mnyoro au Mtoro ameyasikia nyumbani tangu yuko mgongoni. Nikipata kijana wa S4 aliyepita shule yangu akae na hawa wageni jioni mbili kwa wiki, ramani ya Uganda ukutani, nitamshukuru kuliko katoni ya vitabu.

Ila nina duku duku na hizi programu za ulezi. Zikija, zinauliza: "Tupeni kumi bora." Kumi bora hao hata bila programu watafika mahali. Yule wa 60, anayejua lakini hasemi, hakuna anayemuuliza. Mimi ningetaka mlezi apewe watoto wa katikati na waliorudishwa madarasa.

---

MamaFuraha:

Mwanangu Mwana-Katwe, Mungu akubariki kwa moyo wako. Lakini mimi mama nitasema ukweli. Hapa Nsambya nina watoto wanne. Nauza vitenge kwa kutembeza. Nikilipa nyumba sina karo, nikilipa karo sina nyumba. Shule zinasema bure, lakini kuna hela ya uji, hela ya mitihani, daftari, viatu. Ndugu zangu walioko kambi ya Nakivale mgao wa chakula umepunguzwa na wengine wameondolewa kabisa, wanalala njaa. Sasa mlezi atamsaidia nini mtoto mwenye njaa? Leteni karo kwanza, mengine baadaye.

---

Mwana-Katwe:

Shikamoo mama. Sitabishana nawe juu ya njaa, kwa sababu unaiona na mimi naiona. WFP, wale wa chakula wa Umoja wa Mataifa, wenyewe walitangaza mwaka 2025 kwamba fedha zimewaishia, na watu wapatao milioni moja wakatolewa kwenye mgao. Mtoto asiyekula hasomi. Yeyote anayefikiria kuanzisha madarasa ya Jumamosi aanze na sufuria ya uji, na kama hana pesa za uji aombe kanisa au msikiti, lakini uji uwepo.

Ila mama, naomba unisikilize na upande mwingine. Nimeona watoto waliolipiwa karo na mfadhili kutoka Ulaya, kila muhula pesa inaingia shuleni moja kwa moja, na mtoto akaacha shule. Kwa nini? Hakuna aliyekuwa karibu. Mfadhili alikuwa anapata ripoti kwa barua pepe. Mtoto alikuwa anachekwa kwa Kiingereza chake, au alitakiwa abaki nyumbani na mdogo wake mgonjwa, au msichana alipata siku zake akachafuka darasani asirudi tena. Karo ilikuwa inalipwa kwenye kiti kitupu. Mlezi ndiye angejua wiki ile ile, akaja kwako, mkakaa mkazungumza. Kwa hiyo mimi siweki karo upande huu na mlezi upande ule. Nasema karo isiyokuwa na mtu nyuma yake inapotea, na pesa yenyewe ni ya taabu.

Tena mlezi mzuri anajua mambo ya pesa. Anajua shule ipi inapokea mtoto kwa kulipa kidogo kidogo, ufadhili upi wa karo unafunguliwa lini. Mzazi aliyefika jana kutoka Bunagana hawezi kuyajua hayo.

Mwalimu wa Kyaka, hoja yako ya kumi bora naikubali yote. Watoto waliorudishwa madarasa ndio wa kuanza nao.

---

Mnyankole_Isingiro:

Mimi ni Mganda, Kiswahili changu ni cha barabarani, mnisamehe. Shule yetu ya msingi iko jirani na Nakivale, na watoto wetu na wenu wanakaa darasa moja. Naona mipango mingi inakuja na gari nyeupe, inaita wakimbizi peke yao, wa kwetu wanabaki nje wanachungulia dirishani. Na huyo wa kwetu anayechungulia hana hata penseli. Hii inaleta chuki. Nauliza bila ubaya: hao walezi ni wa wakimbizi tu?

---

Mwana-Katwe:

Ndugu yangu, Kiswahili chako kinaeleweka vizuri na swali lako ni la haki kabisa. Uganda yenyewe ina utaratibu kwamba mradi wowote wa wakimbizi ugawe karibu asilimia 30 kwa jamii wenyeji. Nakivale ina wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, wazee wenu waligawana ardhi na wazee wetu. Mtoto wenu kuchungulia dirishani ni aibu yetu.

Halafu kuna kitu watoto wetu wanaweza kuwapa wenu, na hapa ndipo mimi napata hamu sana. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umeweka Kiswahili kuwa somo la lazima S1 na S2. Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu wako wapi? Shule nyingi hazina hata mmoja. Sasa tazama darasani: yule kijana wa Bukavu aliyekaa nyuma, anayeonekana mjinga kwa sababu ya Kiingereza, ndiye anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa. Mpe kikundi cha watoto sita wa Kinyankole awafundishe kusalimiana, kuhesabu, kununua sokoni. Siku hiyo hiyo wenzake wanaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Na wao watamlipa kwa Kiingereza na Kinyankole.

Niseme wazi kwamba Kiswahili chetu cha Kivu si kile cha mtihani. Ngeli zetu zinahitaji kunyooshwa, na mwalimu asimamie hilo. Lakini mtoto anayejua lugha na kusahihishwa ngeli yuko mbali sana mbele ya anayeanza na "hujambo". Klabu ya Kiswahili haigharimu kitu zaidi ya ubao na saa moja baada ya masomo. Ningependa kila shule yenye Wakongo iwe nayo.

---

Binti_Rwamwanja:

Dada zangu na kaka zangu, mimi nasoma chuo kwa ufadhili wa DAFI, ule wa UNHCR na serikali ya Ujerumani ulioanza 1992. Nimekulia kambi ya Rwamwanja. UNHCR inasema wakimbizi wanaofika elimu ya juu duniani hawafiki hata asilimia 10, na lengo lao ni 15 ifikapo 2030. Kwa hiyo mimi ni bahati, na nafanya ulezi wa wasichana nikiwa likizo. Nina mambo mawili ambayo hamjayasema.

La kwanza ni MAJINA. Wazazi, nisikilizeni sana. Karatasi ya familia ya OPM, ofisi ya waziri mkuu inayoandikisha wakimbizi, inasema jina hivi, kadi ya mkimbizi inasema vile, mwalimu wa P7 akaliandika kama alivyolisikia. Mtoto akasajiliwa UNEB, baraza la mitihani, kwa jina hilo la tatu. Miaka sita baadaye anaomba ufadhili, vyeti vinasema ni mtu mmoja na kadi inasema ni mwingine. Nimeona msichana mwenye alama nzuri sana akikwama hapo, na kulisahihisha baadaye ni gharama na safari nyingi. Mlezi wa P6 kazi yake ya kwanza iwe kukaa na mzazi, karatasi zote mezani, kulinganisha herufi kwa herufi, mwaka wa kuzaliwa pia, kabla ya usajili wa PLE. Kama OPM ndio walikosea, mwende wakati huo huo. Na wanaokuja na vyeti vya Kongo vya sekondari, vyeti hivyo lazima UNEB ivilinganishe na vya Uganda kabla chuo hakijavitazama. Msitupe karatasi yoyote ya shule mliyokimbia nayo, hata kama imelowa.

La pili ni usalama. Nasema kama msichana. Mtu mzima anayeitwa mlezi anapata mlango wa kumfikia mtoto, na si wote wana nia njema. Kwetu hakuna kukutana chumbani kwa mtu. Tunakutana mahali pa wazi, wawili wawili, mzazi anajua saa. Wasichana wanalelewa na wanawake. Hakuna zawadi ya siri, hakuna kumtumia mtoto ujumbe usiku. Na kila mtoto tunamfundisha namba 116, Sauti, ni bure kupiga hapa Uganda. Anayeanzisha programu bila haya, tafadhali asianze.

---

MamaFuraha:

Binti yangu, hili la majina limenishtua. Wa pili wangu yuko P6 na najua kwamba shuleni wamemwandika tofauti, nikadhani si kitu. Kesho naenda. Asante mwanangu.

---

Kijana_wa_Makindye:

Swali kwa mleta uzi. Hizi habari za sataranji, midahalo, ngoma, kuchora, mnaziingiza? Baba yangu anasema ni kupoteza muda, mtihani hauulizi ngoma.

---

Mwana-Katwe:

Msalimie sana mzee. Tunaziingiza, na sitaki kuziacha. Katwe hii hii ndiko Robert Katende alikowaanzishia watoto wa mtaani sataranji, wengine wakivutwa na uji, na ndiko Phiona Mutesi alikotokea hadi akaiwakilisha Uganda. Hawa si wakimbizi, lakini umaskini wa mtaa ni ule ule. Mtoto akikaa mbele ya ubao ule hahitaji Kiingereza. Kete inasogea sawa kwa Mganda na kwa Mkongo. Kwa mtoto aliyenyamaza tangu afike, mara nyingi hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza. Na yale waliyoyaona barabarani kutoka Kivu, wengi hawawezi kuyasema, ila huyachora. Mlezi akiona michoro ya moto na bunduki kila wiki, hapo si kazi ya mlezi tena, amfikishe mtoto kwa mshauri wa kitaalamu kupitia shule au shirika.

Midahalo nayo mwambie mzee inaingia mtihani. Mtaala mpya unahesabu kazi za darasani na miradi asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa mwisho wa S4. Mtoto anayeweza kusimama na kueleza mradi wake anapata alama. Yule anayejua lakini anaogopa kusimama zinampita.

---

TichaKyaka:

Basi mimi nimeamua. Muhula ujao nataka nianze na waliorudishwa madarasa, P5 na P6. Nina vijana watatu wa S4 na S5 waliopita mikononi mwangu, wawili wasichana. Nitazungumza na mwalimu mkuu atupe darasa moja jioni, na mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi kambini, ajue, wazazi wasije wakafikiri ni dini mpya. Na watoto wa wenyeji ndani, ndugu yangu wa Isingiro amenifundisha.

Nishaurini siku. Nilifikiria Jumamosi kama nyinyi wa Kampala.

---

Binti_Rwamwanja:

Mwalimu, Jumamosi kambini usijaribu. Waadventista ni wengi, watoto wao hutawaona. Epuka na siku ya mgao, siku hiyo mtoto anabeba mzigo. Sisi Rwamwanja tumeona Jumapili mchana na Jumatano jioni ndizo zinashika. Jumatano mwisho saa kumi na mbili, wasichana wafike bombani kabla ya giza.

---

Mwana-Katwe:

Sikiliza dada huyo mwalimu, anaijua kambi. Nyongeza yangu ni kwamba vijana wako watatu usiwape watoto zaidi ya watano kila mmoja. Wakiomba waongezewe, wakatalie hadi muhula uishe. Na hao wa S4 wana UCE mwishoni mwa mwaka. Muhula wa tatu wapumzishe, awabebee wa S5. Ukishapata darasa niandikie inbox, nitakutumia yale maswali ya hesabu yaliyoandikwa kwa namna mbili, ya Kongo na ya Uganda, unakili ubaoni.